Dada Yangu na Kifua cha Afrika Kusini

Miaka ile wakimbizi walipojaa kambi ya Lukole, duka letu la Biharamulo mjini lilichangamka kuliko wakati wowote. Dada yangu mkubwa ndiye aliyekuwa akifuata nguo Afrika Kusini, na safari moja alichelewa kurudi. Alipofika alikuwa amejifunga kanga mbili kifuani, na hawezi kuinua mikono hata kufunga kilemba.

Alinivuta chumbani, akafunga mlango, akanionyesha. Nilikaa kitandani.

"Wamekuwekea nini humo?"

"Vifuko vya maji ya chumvi. Na titi lenyewe halikuguswa na kisu. Wamepasua hapa kwapani, wakapitisha mrija wenye kamera. Tazama kovu lilivyo, kama mkwaruzo wa mwiba."

Kovu kweli lilikuwa dogo. Nikamuuliza, je, vikiharibika? Akasema haviharibiki. Nani kasema? Waliomfanyia. Umewaona waliofanyiwa zamani, ukawauliza? Akaniambia nina kijicho.

Akaniapisha nisimwambie mtu, na hasa mumewe, ambaye alikuwa dereva wa lori la chakula cha wakimbizi na nyumbani alionekana kwa nadra. Yeye mwenyewe alimwambia mumewe kwamba amenenepa kwa uji wa unga wa lishe, ule uliokuwa ukivuja kutoka kambini na kuuzwa sokoni. Jirani akasikia. Basi! Siku za gulio wanawake walianza kutoka Kaniha na Bisibo wakija dukani kuniuliza mimi ule unga wa dada. Unga uliokusudiwa watoto waliokonda mpaka mbavu zikahesabika! Mama mmoja wa Bisibo alinigombeza mbele ya wateja kwamba ameunywa uji huo mpaka umemkinaisha, na kilichoongezeka ni tumbo. Nilimuuzia sabuni.

Haukupita mwaka, titi la kushoto likaanza kukaza. Kwanza dada alisema ni baridi. Kisha likapanda juu kuliko mwenzake, gumu kama chungwa bichi, na usiku halalii upande ule. Nikamwambia twende hospitali. Hataki, wauguzi wa pale wanatujua. Alilikanda kwa mafuta ya nazi. Shangazi yetu, aliyeambiwa ni jipu, akasema ni husuda, akaleta kombe la aya zilizooshwa kwa maji. Dada akalinywa lote. Hospitali hataki, kombe anataka!

Siku alipokuja kulia dukani kwa maumivu ndipo akakubali kwenda, lakini iwe Lukole, kwenye hospitali ya kambini, ambako hajulikani. Tukaketi kwenye benchi moja na akina mama wa Kirundi waliopakata watoto wao. Dada alijikunyata ndani ya baibui, haangalii kulia wala kushoto. Nilitaka ardhi inimeze.

Daktari alikuwa mtu mzima mwenye macho ya uchovu.

"Shikamoo, daktari," nilimwamkia.

"Marahaba."

Alimpima taratibu, bila kucheka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

"Kidonda cha kwapani kilipona vizuri," alisema. "Tatizo liko ndani. Mwili ukiwekewa kitu kigeni hukijengea utando. Kwa wengi utando huo hubaki laini. Kwa wengine hukaza, ukakibana kile kifuko, kama hivi. Nani atapatwa, hakuna ajuaye mapema."

"Lakini walitumia kamera!" dada alisema, kama anayedai haki yake.

"Kamera humsaidia daktari kuona ndani akiwa amepasua padogo. Hailazimishi mwili ukubali. Walikwambia nani atakuangalia ukisharudi huku?"

Dada alivuta baibui akajifunika. Hakuna aliyemwambia, na yeye hakuuliza.

Daktari alisema kazi ile haiwezekani pale, akatuelekeza kwa mwenzake Mwanza. Huko walivitoa vifuko vyote viwili, maana dada hakutaka kubaki na kimoja. Ngozi ililegea kidogo. Maumivu yaliisha, alhamdulillahi, na baada ya wiki chache alikuwa akianika nguo mwenyewe.

Nilidhani amejifunza. Jioni moja tukichambua mchele akaniambia amesikia sasa kuna vifuko vingine, bora zaidi, visivyokaza. Nikaacha ungo, nikatoka nje nikapumue.

Shemeji alikuwa uani akiosha lori. Miezi yote ile nilikuwa nimemdanganya mtu yule: mara uji, mara jipu, mara Mwanza tumekwenda kununua vitenge. Nikaona potelea mbali, nikamweleza yote, tangu kwapa mpaka utando.

Alinisikiliza huku akikamua tambara.

"Shemeji," akasema, "mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Yule ni mke wangu. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani wewe ndiye hujui."