Bega la Mama Vidole

Wateja walimwita Mama Vidole kwa jinsi alivyosuka nywele bila kuangalia. Kutwa mikono ilikuwa juu. Akirudi nyumbani alikuwa na kazi ya pili: kumgeuza mumewe aliyepooza upande mmoja, kumwogesha, kumbadilishia shuka. Mumewe, fundi ujenzi asiyeishiwa maneno, alimtania kwamba zamani yeye ndiye aliyebeba saruji, sasa amekuwa mfuko wenyewe.

Bega la kulia lilimsumbua miaka mitatu. Mwishowe hata kuchana nywele zake mwenyewe ilikuwa kazi. Daktari alimweleza kuwa kano imechanika. Wangetoboa matundu madogo, wapitishe kamera nyembamba, waishone. Ila baadaye mkono ungefungwa kwa kitambaa na kuning'inia shingoni wiki sita, na asinyanyue hata birika la chai.

Alikataa mara mbili. Nani angemwinua mgonjwa wake?

"Nenda, mke wangu," mumewe alimwambia. "Ukiharibika na wewe, tumekwisha."

Wifi yake akajitolea kumchukua kaka yake kwa muda huo.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Alilala ameketi kwenye kiti, mito kila upande, na kila Jumapili alikwenda kumwona mumewe. Wiki ya nne alimkuta na homa ya mapafu, ameporomoka kitandani, kidevu kifuani. Wifi alikuwa ametoka kufuata dawa. Mama Vidole alipitisha mkono wa kushoto chini ya kwapa la mumewe, akavuta. Hakusogea. Akaanza kuufungua mkono wa kulia.

"Acha," mumewe alisema, akitafuta pumzi. "Usije ukachana walichoshona."

Akaacha. Alikaa pembeni, akamshikilia kidevu mpaka wifi aliporudi. Jumanne mumewe akafariki.

Mazoezi yalianza wiki mbili baada ya mazishi. Alitakiwa kutambaza vidole ukutani, kila siku juu kidogo. Siku vilipopita usawa wa kichwa, mtaalamu wa mazoezi alimsifu, kisha akaona machozi, akamwambia apumzike kama bega linauma.

"Haliumi," alisema. "Ndiyo maana. Sasa lingemwinua."

Mwezi wa sita baada ya upasuaji alirudi saluni, nusu siku. Wifi alimletea nguo za marehemu. Walizikunja pamoja sakafuni, na wifi ndiye aliyetangulia kulia.