Mtaa Uliotazama Mashavu

Habari ya kifo chake ilinikuta asubuhi kwa muuza mahamri, bakuli langu la mbaazi mkononi. "Yule dada wa achari amefariki alfajiri," muuzaji alisema, huku akimpakulia mteja mwingine. Kabla sijamaliza kusema inna lillahi, mwanamke aliyesimama nyuma yangu alidakia: "Maskini, na juzi tu nilimuona kanawiri." Nikalirudisha bakuli mezani. Msomaji wangu, si huzuni iliyonikatia hamu ya kula. Huzuni ilikuja baadaye, nayo haijaondoka. Ni lile neno. Neno hilo moja, kanawiri, lilimwandama marehemu tangu utotoni, na sasa hata maiti yake haijaoshwa lilikuwa limekwisha kufika kwa muuza mahamri.

Wengi wa wakazi wa Mji wa Kale mlimjua kwa dirisha lake, lile la chini katika kichochoro kinachotoka Ndia Kuu, lenye mitungi ya achari ya maembe na ya ndimu na bakuli la mabuyu kwa ajili ya watoto. Uso wake ulikuwa wa duara, na viwiko vyake vilikunjika visinyooke, kwa hiyo kijiko chake cha kuchotea kilikuwa na mpini mrefu kama upawa. Alikuwa na ulimi mkali kuliko bidhaa yake, na sharti moja la biashara: anayeanza salamu kwa kuupima mwili wake haondoki na kitu. Nilikuwapo siku mzee mmoja wa heshima, kanzu imepigwa pasi ikanyooka, alipojongea dirishani na kusema, "Mashallah binti, umenawiri." Marehemu akaufunika mtungi. "Shekhe wangu, hapa pauzwa achari. Wa kupima nyama yuko buchani." Mzee akacheka, akidhani anataniwa, akanyoosha mkono. Dirisha likafungwa, akabaki akiongea na mbao. Nilicheka njia nzima hadi nyumbani.

Ukali ule hakuzaliwa nao. Mimi ni jirani yao, na nilimjua akiwa mtoto wa miaka saba hivi, mwepesi wa kupanda ngazi zile za mwinuko za nyumba yao ya mawe. Kisha akaanza kuzishuka kwa makalio. Akawa hawezi kuinua mikono ajichane nywele, na akikaa mkekani huinuka kwa kujisukuma magotini kama ajuza. Kope zake zikageuka rangi ya zambarau. Mwalimu wake wa chuo cha Kurani aliitazama rangi ile akaamua kwamba mtoto amejipaka wanja wa kikubwa, akamwamuru akanawe. Akanawa, akarudi. Akaambiwa akanawe tena, mara hii kwa sabuni. Alipokuwa hawezi kusimama kumwamkia mwalimu, aliambiwa ana kiburi. Na mtaa, ambao kila mmoja wake ni tabibu, ukagawanyika pande mbili: waliosema kijicho na waliosema uvivu.

Alipofikishwa hospitali kubwa, daktari aliyempokea, mtu wa bara mwenye subira, hakuanza na miguu. Aliomba mikono. Alidondosha tone la mafuta mahali ngozi inapopakana na ukucha, akainama na kioo cha kukuzia, akatazama. Maradhi yale ni ya nadra: kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, huigeukia misuli ya mtoto na ngozi yake. Mishipa midogo ya damu iliyo kandoni mwa ukucha huonyesha hali ilivyo ndani. Mama mtu aliyakariri maneno ya daktari hata nami nikayahifadhi: "Mama, miguu itapata nguvu mapema, na mtafurahi. Msidanganyike. Ngozi ikikataa kupoa, na hapa kwenye kucha pakabaki pekundu, ugonjwa bado uko. Miezi hii ya kwanza ndiyo itatuonyesha kama safari ni fupi au ndefu. Kwa hivyo naomba hizi kucha zikae bila hina, niwe nikiziona kila mkija."

Ombi lenyewe ni hilo tu, vidole vya mtoto vikae vitupu. Lakini kulikuwa na harusi katika ukoo, na harusini kwetu mtoto wa kike asiye na hina ni aibu ya mamaye. Tena dawa ilikuwa imefanya kazi yake na ziada: miguu ilipata nguvu na mashavu yakajaa, kwa kuwa dawa ile huujaza uso. Wanawake wakamzunguka. Mashallah, kanawiri, kapona huyu, dawa za nini tena, zitamharibu kizazi. Wakamshika mikono, wakampaka hina vidole vyote hadi fundoni, juu ya vipele vyekundu vilivyomtoka kwenye vifundo, juu ya kile hasa ambacho daktari alikuwa akikichungulia. Kliniki iliyofuata hawakwenda, wataendaje na kucha zile? Aibu ya daktari ikaogopwa kuliko ugonjwa. Vidonge vikaachwa ghafla, jambo ambalo daktari alikuwa amelikataza kwa ukali. Alirudishwa hospitali akiwa anapaliwa na maji, sauti imehamia puani, na kuanzia hapo mwili wake haukupata tena nafasi ile ya mwanzo. Chini ya ngozi yakaota mawe kama chokaa. Viwiko vikajikunja. Mwisho ugonjwa ukahamia kifuani, na kifua ndicho kilichomuua.

Sitaki mtu aniambie ni kudura. Kudura naiamini, ninachokitapika ni tabia yetu ya kuutolea hukumu mwili wa mtu badala ya salamu. Tunajisifu kwa adabu zetu, sabalkheri na masalkheri hazitupigi chenga, kisha tunamkagua mtu kama mbuzi wa mnadani. Mnene ana afya, mwembamba ana dhiki, na mwenye cheti cha daktari ni mjinga. Na aliyetoa ushauri ule harusini hakulala hospitali hata usiku mmoja.

Marehemu hakupaka hina tena maisha yake. Badala yake alijiwekea desturi yake: mtoto akitaka mabuyu, kwanza anyooshe vidole dirishani. "Haya, nione vyanda," atasema, akitazama kandoni mwa kila ukucha, ndipo achote. Watoto walidhani ni mchezo. Mwaka huu akamuona binti mmoja mdogo mwenye wekundu anaoujua, akamwita mamaye. Mama yule alimjibu mbele ya wapita njia: "Wamtazamia nini mwanangu? Mwenye dhiki yake huwatakia wenziwe." Marehemu, aliyemfungia shekhe dirisha, hakumfungia huyu. Alisema, "Mpeleke akaonwe. Nikikosea, nitakuomba radhi mbele za watu." Binti hakuonekana tena dirishani.

Nilimuona binti yule matangani. Sikukuu ilikuwa imepita karibuni, na mikono yake ilikuwa myekundu kwa hina hadi kwenye vifundo. Wanawake walikuwa wamejaa chumba, pilau linanukia, na mmoja wao, mdomo umejaa, akatoa ule msemo: mficha maradhi, kilio humuumbua. Aliusema mamaye marehemu akisikia. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna aliyeficha, ni nyinyi mliopaka. Wakati huo huo binti yule akataka kuinuka mkekani. Aliweka mikono magotini, akajisukuma, akashindwa, akajaribu tena. "Uvivu huo," mtu akasema, na wengine wakacheka kidogo, kicheko cha matangani.

Mamaye marehemu aligeuka. "Ndoo hapa, mwanangu," alimwambia binti, akamshika mikono, akaigeuzageuza, akatafuta ukucha ulio mtupu asiupate. Kisha akamtazama mama wa binti.

"Mbona kanawiri?" yule mama alisema, sauti imemtoka ndogo.

"Wangu pia walimsema kanawiri. Kesho twenda sote. Mlango wa kuingilia naujua."

Walikwenda, udongo wa kaburi haujakauka. Nami nilikwenda nao, maana sikutaka kubaki mtaani nikisikiliza. Daktari alikuwa kijana mwingine, lakini naye alianza kwa kuomba mikono, akaweka tone la mafuta, akainama, akainuka akatikisa kichwa. Damu imechukuliwa na dawa imeanza, ila pale anapohitaji kupatazama zaidi hapaonekani. Hina haitoki kwa kunawa, wala kwa sabuni, wala kwa majuto. Basi ukutanapo na mtoto njiani, msomaji, msalimie uyaache mashavu yake. Kichochoroni petu dirisha la achari limefungwa, na mtoto wa watu ameketi ngazini, yuwangoja ngozi yake itakate ili daktari aone iwapo bado ni mapema.