Paji Lilifika, Mdomo Ukabaki Kasumulu

Aibu hii naisema mwenyewe kabla hamjaisikia Bujonde, maana kule wameshaitia chumvi.

Nina mashine ya kukoboa mpunga, nimeinunua kwa jasho langu (darasa la tatu, msinicheke), nikawapa kazi vijana wawili wanitengenezee mfumo wa kushika foleni kwa simu, Atupele, binti wa mdogo wangu, na mwenzake Ambindwile, wasomi ambao kutwa walikuwa wanabishana kisha wanakula ndizi sahani moja wakicheka. Upuuzi mtupu. Kwetu mkibishana vile mnaitiwa wazee.

Siku hiyo wakabishania picha yangu, ile ya suti nimeegemea lori, niliyotaka ijaze ukurasa wa kwanza. Ambindwile akasema itapendeza.

“Itapendeza kwenye kompyuta yako,” Atupele akamjibu. “Hapa kwetu Busale mtandao ni wa kuvizia. Tuijaribu kwanza kwa simu ya mama mkubwa.”

Simu kuukuu ya mke wangu ndiyo inipime mimi? Nikagonga meza. “Ndaga, asanteni, yameisha. Picha inakaa.”

“Baba mkubwa, tunabishana humu ndani ili usiumbuke huko nje.”

“Nimeumbuka lini?”

Siku ya uzinduzi uwanja umejaa magunia, nikatangaza kwa kipaza sauti kwamba kuanzia leo hakobolewi mtu asiyeshika foleni kwa simu, wote wakafungua kwa pamoja, na picha ikaanza kushuka kama mgonjwa kwenye ngazi, nywele, paji, nyusi, ikafika puani ikaganda.

Mzee mmoja akainua simu yake. “Paji limefika. Mdomo umezuiliwa forodhani Kasumulu.”

Wakacheka, hata waliotoka kunipigia makofi, na mimi, badala ya kurudisha foleni ya zamani, nikasema tusubiri (kiburi hakina breki), wingu likatanda, watu wakaanza kupakia magunia kwenye bodaboda kupeleka kwa jirani yangu mwenye mashine mbovu, mpaka mke wangu akanivuta koti.

“Baba, wateja wanaondoka, wewe unasubiri pua?”

Atupele akaing'oa picha pale pale, yakabaki maandishi matupu, ukurasa ukafunguka mara moja, lakini mpunga mwingi ulikuwa umeshakwenda kwa jirani.

Sasa vijana wakibishana nakaa kimya, simu ya mke wangu mkononi, na sitamziba mdomo tena anayenipinga chumbani, maana nilimziba mmoja nikafungulia uwanja mzima. Picha nimeitundika ukutani kwenye mashine, ambako haihitaji mtandao. Ila wateja sijawasamehe: wakiingia na magunia wanaifunika kwa kiganja, kuanzia puani kushuka, ndipo wananisalimia.