Tofali Chini ya Miguu ya Mama

Sufu ikiungua hunuka kama nywele. Aliyekulia nchi ya joto huenda asilijue hilo, lakini sisi wa Mlandege, mjini Iringa, tuliijua harufu hiyo kama wengine wanavyoijua harufu ya vitunguu kwenye mafuta. Nyumbani kwetu sufu ilikuwa kila mahali: kwenye mkeka, kwenye nywele zetu, hata kwenye uji. Mama alifuma sweta za shule kwa mashine iliyokaa juu ya meza ndefu karibu na dirisha, na kila aliposukuma mkono wake kutoka kushoto kwenda kulia, sindano zilitoa mlio mkavu, kraa, kisha kraa nyingine wakati wa kurudi. Nililala kwa mlio huo na kuamka kwa mlio huo. Mwezi wa sita ulipoingia, midomo ya watoto ikapasuka kwa upepo na nyasi za asubuhi zikawa nyeupe kwa baridi, wazazi walimiminika mlangoni, kila mmoja akiwa amemshika mwanawe mkono ili apimwe mabega kabla shule hazijafunguliwa.

Kufuma kwa mashine ni kazi ya mikono. Miguu haina la kufanya zaidi ya kuganda. Kwa hiyo sisi tulikuwa na tofali. Lilikuwa tofali la kuchoma la kawaida, lenye kona moja iliyomeguka, nasi tuliliweka juu ya jiko la mkaa, tukaligeuza mpaka likapata joto pande zote, tukalifunga kwa kipande cha blanketi kuukuu na kulitia chini ya miguu ya anayefanya kazi. Kulitunza tofali lilikuwa jukumu langu tangu nilipofika miaka kumi. Lilikuwa na adabu yake, ambayo Mama aliirithi kwa bibi: anayepashwa ndiye anayesema. Mtoto analeta tofali, mkubwa anaweka nyayo juu yake, kisha anasema "bado" au "tosha". Akisema bado, unalirudisha jikoni. Si kazi ya mtoto kumwambia mkubwa kwamba amepata joto la kutosha, kama isivyo kazi yake kumwambia kwamba ameshiba.

Lakini miguu ya Mama haikuanza na baridi, ilianza na moto. Mwaka mmoja kabla ya msimu ninaousimulia, alianza kulalamika kwamba nyayo zinamwaka kama amekanyaga majivu yenye makaa. Iringa nzima imejikunyata ndani ya makoti, yeye amevua viatu na kusimama kwenye sakafu ya saruji, au ametia miguu kwenye beseni la maji ya bomba, yale ambayo sisi tuliogopa hata kunawia. Majirani walileta maelezo yao. Mmoja alisema ni utu uzima, kwamba mwanamke anayekaribia kuacha kuzaa hupandwa na joto lisilo na sababu. Mwingine alisema ni malaria iliyojificha, kwa kuwa malaria huchoma na kugandisha mwili mmoja kwa siku moja. Wa tatu alisema polepole kwamba Mama amekanyaga kitu alichowekewa. Siwacheki leo. Wawili wa kwanza walisema mambo ambayo ni kweli kwa watu wengi: joto la utu uzima lipo, na homa hupanda na kushuka. Yapo na mengine ambayo hawakuyataja, kama upungufu wa damu, upungufu wa vitamini, pombe nyingi ya miaka mingi, hata dawa fulani. Mwili una lugha moja ya moto na baridi, na maradhi mengi huitumia lugha hiyo hiyo. Ndiyo maana kubahatisha hakutoshi.

Mtu pekee aliyemsogeza Mama kwenye kipimo alikuwa Shangazi, dada yake Baba, aliyeuza nyuzi Mwanjelwa, Mbeya, na kila msimu wa sweta alituletea mzigo mwenyewe. Baba alifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Rujewa, akirudi mwisho wa mwezi akiwa na vumbi la pumba kwenye nyusi, kwa hiyo Shangazi ndiye aliyekuwa macho yake. Alimwona Mama akinywa kikombe cha tatu cha maji kabla chai haijapoa. Akauliza kama anakwenda chooni mara nyingi. Mama akasema wifi yake amekuja kuuza nyuzi au kuhesabu safari za watu chooni. Shangazi akacheka, lakini hakuliacha jambo. Alimwambia akapime sukari. Mama alijibu kwamba atakwenda sweta zikiisha, na sweta, kwa wanaojua kazi ile, haziishi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila Mama hakuficha kitu. Aliahirisha tu, na kuahirisha huonekana kama subira.

Kisha moto ukaondoka. Siku moja Mama alitambua kwamba wiki nzima hajaligusa beseni. Jumapili alitoa shukrani kanisani, akavaa viatu vya kufunga, na sisi tukafurahi naye. Sasa ninajua kwamba hiyo ndiyo siku tuliyopaswa kuogopa. Mishipa ya fahamu ni wajumbe wanaopeleka habari kutoka nyayoni hadi kwenye ubongo. Sukari ikizidi kwenye damu kwa muda mrefu huwaumiza wajumbe hao, nao huanza kuleta habari za uongo: moto pasipo moto, barafu pasipo barafu, sisimizi pasipo mdudu. Wakizidi kuumia, hunyamaza kabisa. Sisi tulisikia ukimya tukadhani ni amani.

Mwezi wa sita uliofuata Mama akaanza kusema miguu ni baridi. Shangazi, aliyekuwa amekuja na nyuzi za kijani, alimtania kwamba Mhehe kulalamikia baridi ni kama samaki kulalamikia maji. Mama akamjibu kwamba watu waliozaliwa chini ya migomba, wanaotafuna ndizi na kulala, hawana neno la kusema juu ya baridi ya watu wanaofanya kazi. Walicheka mpaka mashine ikasimama. Lakini aliponiita nilete tofali, kicheko kilikuwa kimeisha usoni mwake, na nilipomvalisha soksi niliona kidole gumba kikiwa na rangi ya majivu.

Ilikuwa Ijumaa mchana, siku tatu baada ya Shangazi kuondoka. Nilipeleka tofali, akaweka mguu wa kulia, akasema bado. Nikalirudisha jikoni, nikapuliza moto, nikalipeleka tena. Bado. Mara ya tatu nililibeba kwa matambara mawili, na hata hivyo viganja vyangu viliuma.

"Mama, hili ni la moto sana," nikasema.

"Mkono wako umezoea kalamu," alisema bila kuinua macho kwenye sindano. "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Miguu ni yangu."

Nikanyamaza, kwa sababu alikuwa mama yangu, na kwa sababu methali ilikuwa upande wake. Nililiweka tofali chini, nikakunja blanketi juu yake. Blanketi lilikuwa limetoboka katikati, nami niliona tundu lile, nikafikiri soksi zitatosha. Mashine ikaendelea. Kraa, kraa. Baada ya muda harufu ikaja, ile ya nywele.

"Tusekile, angalia jikoni," Mama alisema. "Kuna uzi umeangukia makaa."

Nikaenda. Nikachungulia kwenye jiko, nikapekua majivu kwa kijiti, sikuona uzi. Nikarudi kumwambia hakuna kitu, akasema basi umeshateketea, na akamaliza mkono wa sweta ya mtoto wa darasa la tatu. Alipoinuka, soksi haikuinuka naye. Ilikuwa imeshikana na blanketi, na sehemu ya unyayo wake ilibaki pale. Alikaa tena kitini, akaupandisha mguu juu ya goti la pili, akautazama kama mtu anayetazama kitu alichookota njiani.

"Mbona hauumi?" aliniuliza. "Tuse, mbona hauumi?"

Nitasema jambo ambalo limenichukua miaka mingi kulisema: tulifarijika. Tulidhani kidonda kisichouma ni kidonda chepesi. Tulikipaka asali, tukakifunga kitambaa safi, Mama akarudi kwenye mashine kwa sababu shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Kama kingemuuma angelala, angelia, tungemwita mtu. Maumivu ni mlinzi mwenye kelele, hakuna anayempenda, lakini akifa ndipo nyumba inapoibiwa. Shangazi aliporudi baada ya wiki mbili, alisimama mlangoni, akanusa uvundo wa kidonda, akaweka mzigo wa nyuzi chini. Asubuhi iliyofuata tulikuwa ndani ya basi la Mbeya, Mama akiwa na mguu juu ya mapaja yangu.

Hospitalini muuguzi mmoja, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, alimwambia Mama afumbe macho. Akachukua kijiti cha fagio kilichooshwa, akasema, "Mama yangu, ukihisi ninakugusa, sema hapo." Akamgusa kidole. Akagusa kisigino cha mguu usio na kidonda. Akagusa kifundo. Mama alikuwa kimya, uso umetulia, akisubiri kwa heshima kazi ianze. Kijiti kilipanda, kikapanda, nami nilitaka kumnong'oneza kwamba kazi imeshaanza. Kilipofika mwisho wa muundi, chini kidogo ya goti, ndipo aliposema, "Hapo." Muuguzi alinitazama mimi, si Mama. Nikatoa viganja vyangu mfukoni nikamwonyesha, ingawa malengelenge yalikuwa yameshapona. Nikamwambia mimi ndiye niliyeweka tofali. Alivishika viganja vyote viwili kwa mkono wake mmoja. "Mkono wako ulisema kweli," alisema. "Mguu ndio uliodanganya." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na maneno yale hayakunisaidia, kwa sababu niliyasikia kama mashtaka: mkono wako ulijua.

Waliukata mguu chini ya goti. Baba alikuja kutoka Rujewa akakaa kando ya ukuta wa wodi, kofia mkononi. Tuliupitisha msimu wa mvua kwa Shangazi, tukarudi Mlandege Mama akitembea kwa magongo. Tangu siku ile sikuligusa jiko. Nilikula ugali uliopoa, niliogea maji ya baridi, na tofali nililitupa nyuma ya choo, mahali ambapo nyasi zililifunika.

Mwezi wa sita ukarudi, na wateja wakarudi. Mama alikaa kwenye mashine, gauni limening'inia upande wa kulia. Mchana mmoja mlio ukakatika.

"Tuse, mguu unaniganda."

Nilipiga magoti nikaushika ule wa kushoto. Ulikuwa na soksi mbili.

"Si huo," alisema. "Ule."

Madaktari walikuwa wametuambia kwamba huenda ikatokea. Ubongo hautupi haraka nafasi ya kiungo kilichoondoka, huendelea kukisikia kikiwasha, kikiungua, kikiganda. Si wazimu wala mzimu. Lakini kuambiwa ni kitu kimoja, na kumwona mama yako akitetemeka kwa baridi ya mguu uliozikwa Mbeya ni kitu kingine. Akaniambia nilete tofali. Nikakataa, nikalia, nikasema siwezi. Hakunikemea. Alisubiri mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Safari hii utasema wewe. Mimi nitanyamaza."

Nililitafuta kwenye nyasi, nikaliosha, nikalipasha, nikalifunga kwa blanketi zima lisilo na tundu. Nikaliweka upande wa kulia, pale pasipo na kitu, nikaweka kiganja changu juu ya kitambaa. Lilikuwa na joto la mkate uliotoka jikoni muda si mrefu. "Tosha, Mama," nikasema. Alifumba macho. Mabega yake yalishuka polepole. "Limefika," alisema. Sijui mpaka leo kama kweli lilifika, au kama alikuwa ananipa kitu. Nilikaa pale chini mpaka tofali likapoa, na juu ya kichwa changu mashine ikaanza tena.

Aliishi misimu miwili zaidi, kisha figo zikachoka. Mimi sasa ni mwalimu wa sayansi hapa Mbeya, si mbali na Mwanjelwa, ambako sweta za shule zinauzwa zikiwa tayari ndani ya mifuko ya nailoni, hakuna mtoto anayepimwa mabega. Tone moja la damu kwenye kidole linatosha kukwambia, kabla hujamaliza kufunga viatu, kile ambacho mama yangu alikijua kwa kuchelewa. Sijui kama tumekuwa werevu zaidi ya watu wa wakati ule. Tumepata kipimo tu, na wengi bado husema watakwenda kazi ikiisha. Kila mwaka tukifika somo la mishipa ya fahamu nawapa wanafunzi kazi ya nyumbani moja: mkatazame nyayo za bibi na babu zenu, kwa upole, na mkiambiwa miguu inawaka au imekufa ganzi, msijibu kwa methali, wapelekeni wakapime. Wengine hurudi na habari njema, wengine hurudi kimya, na hao nakaa nao baada ya kipindi.

Na nyumbani kwangu, mwezi wa sita, tukiwa tumezunguka jiko na harufu ya sufu ikapita, huwa nainuka kwanza kupekua majivu, kutafuta uzi ulioanguka. Nikiuona, namshukuru Mungu. Nisipouona, nawaambia wote waliomo ndani wavue soksi.