Aliyeitika Kwenye Anwani Tupu

Niliandika uongo kwenye faili, na uongo huo ukaja kunipigia hodi mchana kweupe. Cheka kwanza, nasubiri. Ukimaliza, jua kwamba haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Kalangalala, nikiwa na akili zangu zote, ingawa nakubali ni za kidato cha nne.

Mimi si mtu wa kutoka. Shemeji yangu Masanja ndiye anayeshuka kwenye duara, lile shimo refu la wachimbaji wadogo, na maji ya chini huwatisha. Nikawatengenezea kompyuta ndogo ya Linux ya kupima maji hayo na kuniletea namba nyumbani. Masanja akaenda kuifunga. Mimi niliogopa jua.

Sasa, Linux, programu inayoendesha bodi za kompyuta kama hizo, haijui imezungukwa na nini. Lazima uiandikie faili, wenyewe huliita mti wa vifaa: kipimo fulani kipo, rejista yake, kile kijisanduku cha kuhifadhia namba, iko anwani hii, isomwe kwa upana huu. Ukishaandika, inakuamini kama mtoto. Nami nikanakili faili la bodi nyingine, nikakosea mara mbili. Rejista ya maji ina baiti mbili, nikaacha isomwe baiti moja, ambayo mwisho wake wa kuhesabu ni 255. Kwa hiyo maji yakipita sentimita 255, hesabu inaanza tena sifuri, unadhani shimo limekauka. Tena nikaacha kipimo cha pili ambacho bodi yangu haina. Anwani tupu, hata waya haufiki.

Siku hiyo kipimo cha kweli kilionyesha maji ya kifundo cha mguu. Nikawatumia ujumbe kwamba maji ni kidogo, nikajisifu. Halafu kile kisichokuwepo kikaanza kusoma, na namba ikapanda. Nikageuza bodi pacha iliyokuwa mezani: mahali pa kipimo hicho ni patupu. Niambie wewe, patupu panasomekaje?

Ndipo nikasikia hodi. Alikuwa mwanamume mwenye tochi kichwani, amelowa mpaka kifuani, na kiangazi kile hata mbuzi walikuwa wanalamba vumbi.

"Mwadila," akanisalimu Kisukuma, taratibu. "Umeandika kwamba nipo pale. Ni kweli nipo. Nimesimama pale miaka, hakuna aliyewahi kuniandika." Akagusa kifua chake. "Nimesimama juu ya kifusi, na bado maji yamenifika hapa. Wenzako wako njia ya pembeni, hawajayaona. Watoe."

Sikuogopa, niamini. Nilihisi kama nimeingia kanisani nimevaa kandambili. Nikampigia mshika kamba aliye juu ya duara.

"Namba yako si inasema maji kidogo, fundi?"

"Usiamini namba yangu. Watoe."

Nilipoinua macho, mlangoni hapakuwa na mtu. Sakafuni kulikuwa na tope jekundu. Nje, vumbi halikuwa na unyayo hata mmoja.

Walipanda wote, Masanja wa mwisho, na kamba ilikuwa bado inatikisika pale ukuta wa pembeni ulipopasuka na maji ya duara la zamani yakajaa. Wachimbaji wakongwe wanasema duara hilo lilimfukia mtu, hakutolewa.

Upana nimeusahihisha. Ule mstari wa anwani tupu niliufuta, nikakaa, nikashindwa kula, nikaurudisha. Nani mimi nimfute mtu? Namba yake bado inasomeka, imetulia, haipandi wala haishuki, nami kila asubuhi naisalimia kabla sijasalimia mke wangu. Nawe unayenakili faili la mwenzako, pitia kila mstari. Usimwandike mtu mahali kwa kubahatisha, maana huenda yupo.

Nilimsimulia jirani yangu, Mama Kulwa, alipokuwa akipepeta mchele. Hakuinua hata kichwa. "Baba Neema, mfu katoka shimoni kaja mpaka kwako, na wewe mzima mpaka leo umeshindwa kufika huko shimoni."