Sista wa Kiti na Jina Lililofutwa Mapema

Alizaliwa Jumatano asubuhi, mtoto wa saba wa fundi seremala, kimya kabisa, hata mkunga akadhani amekufa. Mama yake alipomwita kwa jina ndipo akalia. Aliposimuliwa hayo utotoni aliamini, wala hakuna aliyemtoa katika hilo, kwamba binadamu huishi kwa kuitwa. Akiwa na miaka kumi na tisa aliingia utawani, akawa mwalimu, kisha mkuu wa shule.

Hakukubali mtoto afukuzwe. Mwanafunzi akiwashinda walimu kwa utundu, alimtafutia shule nyingine, akajitwika kichwani kiti cha mtoto huyo, wakaongozana. Jina halikufutwa katika daftari la mahudhurio mpaka asikie kwa masikio yake mtoto akiitwa kule na kuitika, "Nipo." Wenzake walimcheka, wakamwita Sista wa Kiti, na jina likamkaa.

Ndipo likaja jaribu lake. Binti wa miaka kumi na miwili, mjukuu wa mshona viatu, alichoma moto stoo ya vitabu. Kamati ikataka kumfukuza. Sista akapigania uhamisho mpaka akaupata. Siku ya kuondoka homa ikamlaza Sista. Akampa binti barua aende peke yake, na karani akafuta jina mchana uleule. Shule mpya hakuingia. Ile ya zamani ilimhesabu kuwa kahama, mpya haikumjua, na babu yake aliamini yuko bwenini katika shule mpya. Wiki tatu hakuna aliyemtafuta.

Sista alipopona na kugundua, alilia kwa uchungu, maana kosa lilikuwa lake. Akarudisha kiti darasani, akaandika jina upya, akaliita kila asubuhi. Asubuhi ya tisa kiti kitupu kikaitika, "Nipo." Watoto wakageuka kukitazama. Sista akajitwika kiti, akatoka akiita njia nzima, na sauti ikamjibu kutoka juu ya kichwa chake. Mbele ya kinu cha kusaga nafaka kilichofungwa, kiti kikanyamaza. Jibu likatoka ndani.

Binti alikuwa amekonda, mifupa mitupu. Alikuwa amefika kwenye geti la shule mpya, akaogopa kuingia peke yake. Kurudi nyumbani akaona haya, akajificha kinuni.

"Sista, kila uliponiita niliitika," alisema. "Mbona ulikuwa husikii?"

Sista alifariki miaka ishirini baadaye, amesimama nyuma ya darasa geni, akisubiri mtoto aitike. Binti yule sasa ni mkuu wa shule, na jina la Sista ndilo la mwisho analoita katika mahudhurio. Mkaguzi alimkataza, akisema marehemu haitwi. Akakaribishwa asikilize. Alipoondoka, hakuandika lolote.

Nasi tumwige: jina la mtu lisifutwe kwetu kabla hatujamsikia akiitika kwingine. Lake halijafutwa. Bado anaitika hapa.