Ng'ombe Tisa Katika Maharage ya Mama Faida

Aibu hii naisimulia mwenyewe kwa sababu wengine wanaisimulia vibaya zaidi. Mimi ni mtu wa msitu, wa Walikale, shule niliiacha mapema nikawa mtu wa kuzungukazunguka, lakini redio yangu hainyamazi na kila ninachosikia lazima nimwambie mtu. Ndiyo maana nilimsihi direkta wa shule ya Nyamitaba, kijiji cha milimani nilikokuwa nimefikia, aniachie watoto, niwaeleze jinsi mvua ikichelewa watu wanavyohama na kugombana.

"Jumamosi moja tu, kaka," alisema. "Ukiharibu, hiyo njo mwisho."

Mvua ya Septemba ilikuwa imechelewa kweli. Malisho yalikauka, na kando ya kijito tu ndipo maharage ya Mama Faida (mjane aliyenipa mahali pa kulala) yalikuwa yameota. Nikawapandisha watoto kilimani, nikasema ng'ombe hufuata majani na watu huwafuata ng'ombe, wakanitazama tu, maana wamezaliwa katikati ya ng'ombe. Basi nikaamua kuwaonyesha. Nilishaona wachungaji wakiwaita ng'ombe kwa chumvi, nami nilikuwa na pakiti nzima, nikaondoa miti ya lango la malisho walimokuwa ng'ombe tisa, nikamimina chumvi kiganjani, nikaita.

Walikuja. Wote tisa, mbio, na kichwa cha kwanza kilipoingia chini ya kwapa langu nilisahau habari zote za mvua, nikakimbia, na mtu mwenye hofu hukimbilia mteremkoni, na mteremko ule unaishia kwa Mama Faida, na pakiti (sijui kwa nini sikuiacha) ilikuwa inamwaga chumvi njia nzima.

"Mwalimu, tupa chumvi," watoto walipiga kelele huku wakicheka.

Nikaitupa. Katikati ya maharage.

Ng'ombe walipokwisha kufukuzwa, nusu ya kijiji ilikuwa imesimama pale, direkta akiwa mbele. Msichana mmoja, Neema, akaniuliza: "Mwalimu, hawa ng'ombe walifuata majani ao walifuata wewe?"

"Walinifuata mimi."

"Basi mvua haina kosa."

Watu wakacheka. Mama Faida hakucheka. "Hii njo chakula ya watoto wangu," alisema. "Sasa utafunga begi uende, njo kawaida yako."

Ilikuwa kweli, miguu ilishaanza kuniwasha niondoke.

"Siendi, Mama. Nipe jembe."

Mbegu niliziomba nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ilitaka kwanza niigize nilivyokimbia. Niliigiza. Nikapanda upya, mstari kwa mstari, wiki nzima, na watoto wakaja na bidoni kuteka maji kijitoni. Siku moja Neema akauliza kijito kikikauka Mama Faida atalima wapi. Mwingine akajibu, kwa shangazi yake, ng'ambo ya kilima. Wa tatu akasema huko kuna wenyewe, watamufukuza. Wakabishana mpaka bidoni zikasahaulika, nami, badala ya kuwaeleza, nikaendelea kupanda. Direkta alikuwa njiani, anasikiliza.

"Jumamosi ijayo tena," alisema. "Lakini hapa hapa, na jembe mukononi."

Nimeapa kutofundisha kitu ambacho sijakilima wala kukichunga mwenyewe. Maharage yalipotoa maua, nilikuwa bado Nyamitaba.